Kalafati: Jinsi Watu wa Pwani Walivyoyazuia Maji

Leo tutasoma habari za vyombo vya baharini.

Ninyi mnaosomea Mchafukoge mko karibu na bahari. Ukienda kwa miguu, baada ya muda mfupi umefika bandarini. Kabla Sultani Majid wa Unguja hajaanza kujenga mji wa Dar es Salaam katika miaka ya 1860, hapa pwani palikuwa na kijiji cha Mzizima. Jina la Kariakoo lilikuja baadaye, Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 wakawa na jeshi la wapagazi. Lakini kabla ya gari moshi na lori, mizigo ya pwani ilichukuliwa na vyombo vya tanga.

Sasa jiulizeni: chombo ni mbao zilizounganishwa, na kila kiungo ni njia ya maji. Kwa nini hakikuzama?

Vyombo vya kushona

Zamani sana mbao hazikupigiliwa misumari. Zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Kitabu kimoja cha safari, kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, chataja mji wa Rhapta katika pwani yetu, na chasema jina hilo lilitokana na vyombo vya kushona. Chombo cha namna hiyo kilichojulikana sana kwetu ni mtepe, hasa huko Lamu. Uliendelea kusafiri hata mwanzo wa karne ya 20.

Mtepe ulikuwa na faida yake. Ukigusa mchanga ulinepa, haukuvunjika upesi. Lakini ulivuja sana, na mabaharia walikuwa na kazi ya kuteka maji ngamani mara kwa mara.

Vyombo vya misumari

Majahazi ya misumari yalipozidi, mbao zilibanana zaidi. Hata hivyo msumari hauzibi ufa. Kazi hiyo ni ya kalafati. Neno hili nalo limesafiri: Waarabu, Wareno na Wataliana wote wana neno la asili hiyo hiyo.

Kazi yenyewe huenda hivi. Nahodha hungoja bamvua, maji yajaapo sana, wakati wa mwezi mpevu au mwezi mwandamo. Hapa Dar es Salaam tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3 siku hizo. Chombo hupandishwa juu pwani, maji yakipwa huachwa pakavu, kikiegemezwa kwa magadi, yaani nguzo za kukizuia kisilale upande.

Fundi hutazama sana chini kabisa, penye mkuku. Mkuku ni uti wa mgongo wa chombo. Ubao wa kwanza wa kila upande umeshikana nao, na hapo pana taabu nyingi. Chombo kikipwelewa, uzito wake hulalia mkuku. Kikiwa katika mawimbi, kiungo hicho huvutwa huku na huku.

Kwanza fundi huitoa pamba kuukuu yote, kwa maana pamba mpya haishiki juu ya iliyooza. Kisha husokota pamba mpya, huitia mafuta, na kuishindilia ufani kwa nyundo na chembeu, yaani patasi butu. Lakini hapigi kupita kiasi. Ubao ukirudi majini hunywa maji na kuvimba, ukaibana pamba. Ufa uliojazwa mno husukuma mbao na kulegeza misumari. Mwisho hupaka deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, ili kuzuia maji na wadudu wanaotoboa mbao.

Basi fikirini jambo hili. Deheni ikishapakwa, ufa uliozibwa vizuri na ufa uliozibwa vibaya hufanana. Nahodha haoni tofauti, wala abiria haoni. Na kiungo cha mkuku kikifunguka katikati ya bahari, shehena imekifunika. Kukifikia ni lazima kuhamisha mizigo, au kuitosa. Ndiyo sababu wazee walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Baharini hata nafasi ya kujenga ukuta hakuna.

Jina la Sultani Majid limeandikwa vitabuni. Majina ya mafundi waliopiga magoti matopeni chini ya mkuku hayakuandikwa. Lakini kila nazi na kila gunia lililofika kavu mjini lilipita mikononi mwao. Nao ni watu wa historia yetu.

Maswali

1. Mbao za mtepe ziliunganishwa kwa nini?
2. Kwa nini nahodha hungoja bamvua?
3. Kwa nini fundi haishindilii pamba kupita kiasi?
4. Mwulize mzee mmoja wa mtaani kwako habari za safari ya chombo cha tanga. Andika sentensi tano, uzilete darasani.

Kwaherini mpaka somo lijalo.