Mreno, Mhispania au Myahudi?

Ukisoma Mabepari wa Venisi, ile tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri mwaka 1969, utamkuta Shylock, Myahudi mkopesha pesa anayedai ratili ya nyama ya mdeni wake. Juzi klabuni kijana mmoja akaniuliza: huyu Shakespeare aliwaona wapi Wayahudi? Swali zuri. Mfalme Edward wa Kwanza aliwafukuza wote Uingereza mwaka 1290, miaka 300 hivi kabla tamthilia haijaandikwa.

Kumbe walikuwepo. Kule Hispania na Ureno, Wayahudi walilazimishwa kubatizwa. Aliyeshukiwa kushika dini ya zamani kwa siri alipelekwa mahakama ya kanisa, na wengine walichomwa moto. Baadhi wakakimbilia London, wakaishi kama Wakristo. Mmoja, Roderigo Lopez, alifika hadi kuwa daktari wa Malkia Elizabeth. Mwaka 1594 akahukumiwa kwamba alipanga kumpa malkia sumu, akanyongwa. William Camden, mwanahistoria wa wakati huo, ameandika kwamba Lopez alisema anampenda malkia kama anavyompenda Yesu Kristo, na watu waliokuja kutazama wakacheka. Ubatizo wake wote ule, bado walimwona Myahudi tu.

Ila mimi anayenigusa zaidi ni mfanyabiashara Antonio Rodrigues Robles. Mwaka 1656 Uingereza ilikuwa vitani na Hispania, na mali za Wahispania zilikuwa zinakamatwa. Watu wa London walimjua Robles kama Mhispania, alikuwa hata anasali misa nyumbani kwa balozi wa Hispania. Akachongewa, mali ikachukuliwa. Afanye nini? Akaandikia serikali: mimi si Mhispania, ni Mreno, tena wa taifa la Wayahudi, ndugu zangu wameteswa na mahakama ya kanisa, nilikuja hapa kutafuta hifadhi.

Fikiria, ndugu msomaji. Neno alilolificha maisha yake yote, kwa sababu lingemuua, sasa ndilo la kumwokoa, na lazima alithibitishe. Mashahidi wakaitwa, wengine wakasema hivi, wengine vile. Aliyewahi kukaa kwenye kile kiti cha mahojiano, akaulizwa kwa nini karatasi hii inasema hivi na ile inasema vingine, anajua jasho lake. Mwezi wa tano akarudishiwa mali. Lakini wakubwa hawakuamua yeye ni nani hasa.

Na ndivyo ilivyokuwa kwa wenzake wote. Miezi michache nyuma, Desemba 1655, mtawala Oliver Cromwell aliita mkutano kujadili ombi la Menasseh ben Israel, rabi aliyetoka Amsterdam kuwaombea Wayahudi ruhusa ya kuishi Uingereza. Majaji wawili wakubwa wakasema hakuna sheria inayowazuia. Wafanyabiashara wa London wakapinga, na baadhi ya wachungaji pia. Cromwell akaufunga mkutano bila uamuzi. Yaani hawakukataliwa, na hawakukubaliwa.

Machi 1656, yeye na Wayahudi wachache wa London waliomba mambo mawili madogo: kusali majumbani mwao bila kusumbuliwa, na kuzika wafu wao nje ya jiji. Hawakungoja cheti. Walikodi nyumba Creechurch Lane wakaifanya sinagogi, na mwaka 1657 wakapata kiwanja cha makaburi Mile End. Nadhani hilo la makaburi ndilo kubwa. Mtu wa kupita tu hatafuti mahali pa kuzika.

Hati zilichelewa mno. Mwaka 1753 Bunge lilipitisha sheria ya kuwawezesha Wayahudi waliozaliwa nje kuomba uraia bila kwanza kushiriki meza ya Bwana kanisani. Watu wakapiga kelele nchi nzima, na kabla mwaka haujaisha Bunge lilikuwa limeifuta.