Ukuta na Neno Jema

Ukitembea katika Mji wa Kale wa Mombasa, ewe msomaji, vichochoro vyake vitakufikisha mbele ya Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596. Tangu 1895 mpaka 1958 ngome hiyo ilikuwa jela. Itazame vizuri, kwani kuta zake zinaeleza wazo lililoshikwa na wanadamu kwa karne nyingi: kwamba mtu anayeogopwa hana budi kuzuiwa kwa jiwe na ufunguo. Wazo hilo halikuwahusu wahalifu tu; liliwapata na wagonjwa wa akili.

Zamani mwenda wazimu aliyeogopwa aliweza kutiwa jela. Mwaka 1910 serikali ya kikoloni ilifungua nyumba ya wagonjwa hao huko Mathari, Nairobi, katika majengo yaliyotumika kwanza kuwatenga wagonjwa wa ndui. Mgonjwa wa pwani aliyepelekwa huko alisafiri kilomita 480 hivi, mbali na bahari, jamaa na lafudhi ya mtaani kwake.

Je, ukuta huleta salama? Jibu moja lilikwisha kupatikana zamani katika hospitali ya Bicêtre, karibu na Paris. Msimamizi wa wagonjwa pale, Jean-Baptiste Pussin, hakuwa daktari. Alikuwa mtengeneza ngozi aliyelazwa hapo kwa maradhi ya tezi, akapona, akapewa kazi. Aliwakataza watumishi wake kuwapiga wagonjwa, na mwaka 1797 akawafungua minyororo. Waliozidi ukali bado alizuia mikono yao kwa vazi maalumu, lakini chuma kiliondoka. Sifa nyingi zilimwendea daktari Philippe Pinel. Lakini Pinel mwenyewe alikiri kwamba alijifunza mengi kwa Pussin.

Mwaka 1952 madaktari wa Paris walianza kutuliza wagonjwa wa akili kwa dawa ya klorpromazini. Ilikuwa neema kubwa. Hata hivyo, dawa na ukuta havikumaliza hatari. Mwezi wa Mei 2013 wagonjwa 40 walitoroka Mathari, ijapokuwa palikuwa na ukuta na walinzi.

Sasa jiweke katika nafasi ya muuguzi wa zamu ya usiku. Mgonjwa mpya ameletwa akipiga kelele. Anasikia sauti zisizosikiwa na mwingine, naye anaamini kwamba wewe ni adui. Ukimkaripia, hofu yake itageuka ngumi. Ukimkimbia, atamwumiza mwenziwe au nafsi yake. Muuguzi mwenye uzoefu husimama kando kidogo, hushusha sauti, humwita kwa jina lake, na humwuliza anachokitaka.

Hekima hiyo ilipimwa Uingereza na Len Bowers, naye ni muuguzi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015, baada ya kazi katika wodi 31 za hospitali 15. Wauguzi walizoea kutumia maneno ya upole wanapomkataza mgonjwa jambo. Walimpa habari mbaya kwa uangalifu. Na baada ya kila fujo walimwendea kila mgonjwa kumtuliza na kumweleza yaliyotukia. Wagonjwa waliopona waliacha salamu za kuwatia moyo waliobaki. Wodi hizo zilipolinganishwa na nyingine, fujo zilipungua kwa asilimia 15, na matumizi ya nguvu na vizuizi kwa asilimia 26 hivi. Hapakujengwa ukuta hata mmoja.

Leo Mombasa ina wodi ya wagonjwa wa akili katika hospitali ya Port Reitz, ng'ambo ya kisiwa, na mgonjwa aweza kutibiwa karibu na jamaa zake. Sheria ya afya ya akili ya mwaka 1989, iliyorekebishwa 2022, inataja haki zake. Lakini sheria haikeshi wodini. Anayekesha ni muuguzi.

Wahenga walisema, maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Mgonjwa si nyoka. Ni ndugu aliyepotewa na njia, naye anastahili neno jema zaidi. Fort Jesus imekuwa makumbusho tangu 1960. Ukimwona kijana akimrushia mawe mwenda wazimu mtaani, mzuie, ukumbuke kwamba ngome ya jiwe imekwisha kufunguliwa, lakini ile iliyo moyoni mwetu yangojea mkono wako.