Mzinga

Asili ya neno hili si vita, bali asali: mzinga ni gogo lililochongwa likawa wazi ndani, ambalo warina-asali hulitundika mtini ili nyuki waingie. Watu wa pwani, walipoyakabili madomo ya shaba na chuma yaliyoelekezwa baharini kutoka ngome kama ile ya Mombasa, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593 na kutwaliwa na Waomani mwaka 1698, waliliona umbo lile lile, wakalipa jina walilolijua. Baadaye mizinga 21 ikawa taadhima kwa mkuu wa dola, baruti pasina kuua. Na vijana wa Nairobi “humpiga mzinga” mtu wamwombapo fedha. Huko Tabora, mzinga ungali mtini, na nyuki wamo.