Habari za Breki za Pikapu, Tangu Kiatu cha Ngozi hata Diski

 

Somo la leo ni historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Nataka kuwaeleza habari za breki za motokaa, na hasa breki za pikapu iliyozeeka, ile ambayo imekwisha beba mahindi, saruji, vitanda vya maharusi na wagonjwa, na hata leo inamtafutia mwenyewe riziki. Nimechagua somo hili kwa sababu ya jirani yangu mmoja. Anayo pikapu ya Kimarekani iliyotengenezwa mwaka 1965, na amejiwekea akiba kidogo ya kuitengeneza breki. Alinijia akaniuliza, “Mwalimu, fedha hizi hazitoshi kufanya yote. Nianze na lipi?” Yeye alikuwa ameazimia kutia diski katika magurudumu ya mbele, kwa maana ameziona katika magari mapya na zimempendeza. Mimi nikamwambia angoje kwanza, tuitazame historia ya kitu chenyewe.

Basi, tuanze na kazi ya breki. Watu wengi hudhani kwamba breki hukamata gurudumu tu, kama mtu anavyokamata mbuzi pembe. Kumbe sivyo. Breki hugeuza mwendo kuwa joto. Chukueni pikapu yenye uzito wa kilo 1,500, inayokwenda kilometa 80 kwa saa. Ukiisimamisha, breki zitapata joto linalotosha kuchemsha lita moja ya maji baridi. Mwendo ukizidi mara mbili, joto huzidi mara nne. Na ikiwa gari hilo hilo linateremka mlima wenye kimo cha mita 300, na dereva ameweka gia kubwa akitegemea breki peke yake, hapo joto lake lingeweza kuchemsha zaidi ya lita kumi. Joto hilo lazima liende mahali. Karibu historia yote ya breki ni habari ya watu waliokuwa wakitafuta mahali pa kulipeleka.

Kule Uingereza alikuwako mtu jina lake Herbert Frood. Yeye aliwatazama wenye mikokoteni ya farasi wakiteremka vilima vya Derbyshire, akaona kwamba wamefunga viatu vyao vya zamani juu ya vipande vya mti vilivyobana magurudumu, kwa sababu ngozi ya kiatu hushika kuliko mti mtupu. Mwaka 1897 akaanza kutengeneza vitu vya kubania vilivyo bora kuliko kiatu, na kampuni yake baadaye ikaitwa Ferodo. Jina hilo ni herufi za jina lake mwenyewe zilizochanganywa, pamoja na herufi moja ya jina la mkewe, Elizabeth. Nadhani baadhi yenu mmelisoma juu ya maboksi ya vipuri. Na sisi mpaka leo tunasema “viatu vya breki”. Sijui kama ni kwa sababu ya umbo lake au kwa sababu ya mambo kama haya, lakini jina linafaa.

Mwaka 1902 Louis Renault wa Ufaransa alitengeneza breki ya ngoma: viatu viwili ndani ya ngoma ya chuma, vikisukumwa vipanuke viguse ngoma inayozunguka. Mwaka huo huo Mwingereza Frederick Lanchester akapata hati ya kulinda uvumbuzi wake wa breki ya diski, yaani sahani inayobanwa pande zote mbili. Lakini yeye alitumia vipande vya shaba, navyo vilipiga kelele kali mno. Kwa hiyo ngoma ikatawala miaka 50 na zaidi, na diski ikangoja.

Sasa niruhusuni nitoke njiani kidogo, maana jambo hili ni la uhai. Frood alipotafuta kitu kisichoungua kwa joto, aliichukua asbesto, na tangu mwaka 1908 hivi ikawa ndiyo inayobandikwa juu ya viatu vya breki. Ilifanya kazi vizuri sana, na kwa sababu hiyo ilidumu. Lakini vumbi lake huingia mapafuni na lisitoke. Mwaka 1924 mwanamke mmoja, Nellie Kershaw, aliyekuwa akisokota nyuzi za asbesto katika kiwanda cha Rochdale, alikufa, na daktari aliyemchunguza akaandika wazi kwamba vumbi hilo ndilo lililomwua. Alikuwa na umri wa miaka 33. Uingereza haikuikataza asbesto kabisa mpaka mwaka 1999. Pikapu ya mwaka 1965 inaweza kuwa bado inavyo viatu vya namna hiyo. Kwa hiyo wewe fundi unayefungua ngoma ya zamani, usilipulize vumbi kwa upepo wa kompresa, wala usilipangushe kwa mkono mkavu. Lilowanishe kwa maji, pangusa kwa kitambaa kibichi, kisha kitambaa chenyewe kitie ndani ya mfuko ukifunge. Na watoto wasiwe karibu.

Haya, turudi barabarani. Mwaka 1925 Ford aliuza pikapu yake ya kwanza iliyotoka kiwandani ikiwa na sanduku la mizigo nyuma. Ilikuwa ni Model T, na bei yake dola 281. Breki yake ya mguu haikugusa gurudumu hata moja. Ilibana ngoma iliyokuwa ndani ya sanduku la gia, na nguvu ya kusimamisha ikapita katika shafti mpaka magurudumu ya nyuma. Shafti ikikatika, au gia za nyuma zikiachana, breki ya mguu nayo imekwenda. Ilibaki breki ya mkono, iliyoyashika magurudumu mawili ya nyuma. Tena madereva wa zamani walikuwa na ujanja wao: breki ikilegea, walikanyaga pedali ya kurudi nyuma huku gari linakwenda mbele, likapunguza mwendo. Si jambo la kuigwa, lakini lawaonyesha shida waliyokuwa nayo.

Baadaye zikaja breki za magurudumu manne zilizovutwa kwa vyuma vyembamba na kamba za waya. Hapo tatizo likawa ni usawa. Chuma kimoja kikilegea kidogo kuliko mwenzake, gari huvutwa upande mmoja, na fundi hulala chini yake kutwa nzima akikaza huku na kulegeza kule. Dawa yake ilikuwa imekwisha julikana tangu karne ya 17, wakati Mfaransa Blaise Pascal alipoonyesha kwamba ukisukuma maji yaliyofungiwa ndani ya chombo, msukumo hufika kila upande kwa nguvu ile ile. Mmarekani Malcolm Loughead alilitumia jambo hilo kwa breki, akapata hati yake mwaka 1917. Magari ya Duesenberg yakazitumia mwaka 1921, na Chrysler mwaka 1924, baada ya mafundi wake kuondoa vizibo vya ngozi vilivyovuja na kutia vya mpira. Chevrolet wakafuata mwaka 1936. Ford alishikilia vyuma vyake mpaka magari ya mwaka 1939, akiwaambia wanunuzi kwamba chuma ni cha kuaminika kuliko mafuta.

Je, Ford alikuwa amekosea? Kwa usawa wa breki, ndiyo, alikosea. Lakini hofu yake ilikuwa na msingi, na hapa ndipo linapoanza jibu la jirani yangu. Breki hizo mpya zilikuwa na silinda kuu moja, ambayo mafundi wetu huiita masta silinda, na mafuta yake yalikuwa ya pamoja kwa magurudumu yote manne. Kwa hiyo bomba moja likipasuka, au mpira wa gurudumu moja ukivuja, pedali hushuka mpaka sakafuni na magurudumu yote manne hayana breki. Mimi mwenyewe niliwahi kukaa katika pikapu ya namna hiyo juu ya mteremko. Dereva alikanyaga mara moja, akakanyaga mara ya pili, kisha akanyamaza. Utingo aliyekuwa nyuma hakuambiwa neno. Aliruka na jiwe lake mkononi. Breki ya mkono na gia ya kwanza ndizo zilizotuokoa, pamoja na ukingo wa udongo. Tulipotazama, tuliona mpira wa gurudumu la mbele umechanika kwa ukuu, na thamani ya mpira ule ilikuwa ndogo sana.

Wenye viwanda waliijua hatari hii. Cadillac na Rambler za mwaka 1962 zilipewa masta silinda yenye vyumba viwili, kimoja cha magurudumu ya mbele na kimoja cha nyuma, ili kimoja kikivuja kingine kibakie. Mwaka 1967 desturi hiyo ilienea katika magari ya Marekani, pikapu za Ford na Chevrolet zikiwemo, na tangu Januari 1968 sheria ya huko ikaidai kwa magari madogo ya abiria. Sasa mnaona: pikapu ya jirani yangu ilizaliwa miaka miwili mapema mno.

Na diski je? Hizo zilipata sifa mwaka 1953, Jaguar iliposhinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans ikiwa nazo, na mwaka 1955 Citroën DS ikauzwa na diski mbele. Pikapu nyepesi za Chevrolet zilipewa diski za mbele kama kawaida mwaka 1971. Ubora wake ni kwamba diski iko wazi kwa upepo, hupoa upesi, na maji huruka nje. Ngoma ikipata joto hupanuka ikaviepuka viatu, na dereva hukanyaga pedali ikazama.

Kwa hiyo nilimwambia jirani: kwanza nunua mipira mipya yote na mafuta mapya ya breki, kwa kuwa mafuta hayo hufyonza unyevu wa hewa. Mafuta mapya ya aina ya DOT 3 hayachemki kabla ya digrii 205, lakini yakishaingia maji yanaweza kuchemka kwenye digrii 140, na mvuke ndani ya bomba haubani kitu. Usitie mafuta ya injini hata tone, maana huvimbisha vizibo vya mpira. Pili, weka masta silinda ya vyumba viwili, na mabomba yatenganishwe mbele na nyuma. Diski zije baada ya hapo. Nazo zikija, valvu ndogo inayobakiza msukumo kwa ajili ya ngoma iondolewe upande wa mbele, ama sivyo diski zitabanwa daima na kuungua. Tena uweke valvu ya kupunguza nguvu ya nyuma, kwa sababu pikapu isiyo na mzigo ni nyepesi nyuma, na magurudumu yakikwama kwenye tope mkia utakwenda mbele.

Hakufurahi sana. Masta silinda haionekani na wapita njia.

Kabla ya somo la juma lijalo, nawaomba wenye magari mfanye jaribio moja. Simamisha gari mahali tambarare, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, kisha kanyaga pedali kwa nguvu na ushikilie kwa dakika moja kamili kwa saa. Ikiwa inashuka polepole chini ya mguu wako, mafuta yanapita mahali. Tazama kila gurudumu upande wa ndani, na mabomba yote. Ukikuta pote pakavu, basi kosa limo ndani ya masta silinda, na gari lisiondoke hapo mpaka limetengenezwa. Andikeni mlichokiona, tutakisoma pamoja.