Daftari la maneno ya Kiingereza: Namna ya kulitumia ili maneno yasikutoroke

Mtoto anayesoma shule ya msingi ya serikali Kilwa au Lindi hufundishwa Sayansi na Hisabati kwa Kiswahili. Akifika kidato cha kwanza mambo yanageuka: Biolojia, Fizikia, Jiografia, karibu kila kitu ni Kiingereza. Kabla hajazoea, Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili huo unakuja, na asiyefikia kiwango hurudia darasa.

Daftari la maneno linaweza kumwokoa, ila siyo daftari la aina yoyote.

Kosa la wengi

Wengi huandika orodha ndefu: neno la Kiingereza, kisha maana moja ya Kiswahili, basi. Chukua neno "current". Kwenye Jiografia ni mkondo wa bahari, ule ambao mvuvi wa Kilwa Kivinje anaujua vizuri. Kwenye Fizikia ni mkondo wa umeme. Kwenye habari, "current price" ni bei ya sasa. Ukikariri "mkondo" tu, hiyo ya tatu inakuacha njia panda.

Andika vitu vinne

1. Neno lenyewe, herufi zote sahihi.

2. Matamshi yake. Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa, Kiingereza hapana. "Island" hutamkwa "ailand". Hiyo s haisikiki kabisa.

3. Maana yake pale ulipolikuta, pamoja na jina la somo.

4. Sentensi yako mwenyewe kuhusu kitu unachokijua. Mfano: "Tourists visit the ruins of Kilwa Kisiwani." Magofu hayo, pamoja na ya Songo Mnara, yapo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1981. Kijana anayetaka kuongoza watalii huko atahitaji "ruins" (magofu), "tide" (maji kujaa na kupwa) na "coral" (matumbawe, ambayo pia ndiyo mawe ya kuta zile).

Kurudia ndiyo kazi yenyewe

Mwaka 1885, mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Aliona kwamba sehemu kubwa ya tunachojifunza hupotea mapema, ndani ya saa na siku za mwanzo.

Kwa hiyo usisubiri wiki ya mtihani. Rudia kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha wiki, kisha mwezi. Ziba maana kwa kiganja, itaje kwa sauti, ndipo uangalie. Siku nyingine ziba Kiingereza.

Maneno matano kwa siku yanatosha. Kwa wiki ni 35. Neno likikushinda mara tatu, liwekee nyota na ulitungie sentensi mpya.

Hakuna gharama kubwa hapa: daftari moja, kalamu, na dakika kumi kila jioni.