Mate ya mbung'o: historia ya malale na nagana kwenye ziwa letu

Ndugu mfugaji, na wewe mfanyabiashara unayepita Mwandiga kwenda Manyovu au Kasulu, mbung'o unamfahamu. Leo tuangalie mate yake, maana ugonjwa hupitia humo.

Mwaka 1895, huko Zululand, Afrika Kusini, daktari wa jeshi la Uingereza David Bruce alikuta vijidudu kwenye damu ya ng'ombe wenye nagana, akathibitisha kuwa vinaletwa na mbung'o. Mwaka 1903, akiwa Uganda, alionyesha kuwa malale ya binadamu nayo huletwa na mbung'o. Ugonjwa huo uliua zaidi ya watu 200,000 kando ya Ziwa Victoria.

Ulipofika Ziwa Tanganyika, Wajerumani walifungua kambi za wagonjwa na kuamuru vichaka vya ufukweni vifyekwe. Dawa yao, atoksili, ilipofusha baadhi ya wagonjwa, ndiyo maana wengi walizikimbia kambi. Mwaka 1909 Friedrich Kleine alionyesha kuwa kijidudu hukua kwanza ndani ya mbung'o, kwa wiki kama tatu, kabla ya kuambukiza. Cha malale humalizia kukomaa kwenye tezi za mate.

Mate yenyewe hufanya nini? Ngozi ikitobolewa, seli zilizoumia hutoa kemikali inayoshika vipokezi vya chembe sahani za damu, kama ufunguo kwenye kufuli. Chembe hushikamana na kuziba kidonda. Mate ya mbung'o huuharibu ufunguo huo. Pia yana peptidi inayozuia thrombini, kigandishi kikuu cha damu. Hivyo damu huendelea kutiririka.

Kijidudu cha malale nacho ni mjanja. Kikijaa kwenye tezi, hupunguza nguvu ya mate hayo. Mbung'o hapati damu kirahisi, hutoboa tena na tena, na huambukiza wengi zaidi.

Kwa hiyo zingatia haya:

1. Ukienda porini, usivae bluu wala nyeusi. Rangi hizo humvuta mbung'o.
2. Ogesha mifugo kwa dawa inayoua mbung'o. Ng'ombe akikonda na kuishiwa damu, mwite mtaalamu wa mifugo apime kabla ya kuchoma sindano.
3. Ukipata homa na kipimo cha malaria kikaonyesha huna, mwambie daktari kuwa ulikuwa porini, damu yako iangaliwe kwa hadubini. Malale ya kwetu yasipotibiwa huua ndani ya miezi michache.