Kipande na Mtafuta Kazi

Wahenga walisema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Kijana anayemaliza shule leo na kutoka kwenda kutafuta kazi aweza kulitilia shaka neno hilo. Nafasi moja ya ukarani huombwa na watu wengi, na mtu hodari asiyejua kujieleza hupitwa bila kuonekana. Lakini kabla hajanung'unika, yafaa ajue kwamba palikuwa na wakati katika nchi hii ya Kenya ambapo mtafuta kazi hakupewa nafasi ya kujieleza. Aliyemweleza alikuwa bwana wake wa jana.

Chanzo cha mambo hayo kilikuwa kodi. Serikali ya Kiingereza ilianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1901, na mwaka 1910 ikaongeza kodi ya kichwa. Kwa kuwa kodi ilitakiwa kwa fedha, vijana wengi walilazimika kuacha makwao wakafanye kazi ya mshahara katika mashamba ya walowezi, katika reli na mijini. Wengine walipoona kazi ni nzito na ujira ni haba, waliondoka kimya kimya wakajaribu bahati yao pengine. Walowezi wakalalamika, na serikali ikawasikiliza. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ikatungwa mwaka 1915, lakini haikutekelezwa mpaka Vita Vikuu vya Kwanza vilipokwisha.

Basi wanaume wa Kiafrika waliotimiza miaka 16 walitakiwa kuandikishwa, kupigwa chapa ya vidole, na kupewa hati iliyoitwa kipande. Mtu aliitia katika kikopo kidogo cha chuma, akakitundika shingoni kwa kamba. Aliyekutwa hana aliweza kutozwa faini au kufungwa. Wazungu hawakuwa na kipande.

Na tutazame yaliyoandikwa humo: jina la mtu na kabila lake, jina la mwajiri, tarehe ya kuanza kazi, mshahara, na tarehe ya kuachishwa, pamoja na sahihi ya mwajiri. Hapo ndipo ilipokuwa mitego miwili. Kwanza, mtu ambaye bwana wake hakumtilia sahihi hakuweza kuandikwa kazi pengine, na akitoroka alihesabiwa kuwa mkosaji mbele ya sheria. Pili, bwana mpya aliweza kusoma mshahara uliotolewa na bwana wa zamani, asione sababu ya kuongeza. Hata kama mtu alikwisha kujifunza useremala au kusoma na kuandika, alitembea na bei yake ya zamani shingoni.

Dhuluma hiyo haikunyamaziwa. Mwaka 1921 waajiri wa Kizungu walikusudia kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Kijana Harry Thuku, ambaye alipata kupanga herufi katika kiwanda cha gazeti, kisha akashika kazi ya simu katika ofisi ya Hazina mjini Nairobi, alisimama pamoja na wenzake kupinga jambo hilo, na kodi, na kipande. Alikamatwa mwezi wa Machi 1922. Watu walipokusanyika kudai afunguliwe, walipigwa risasi, na wengi wakafa. Thuku akahamishiwa Kismayu. Hata hivyo manung'uniko hayakukoma, mpaka mwaka 1947 ikatungwa sheria ya kuandikisha watu wa rangi zote, na kipande cha zamani kikaondolewa.

Leo mambo yamegeuka. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayeondoka cheti kinachotaja kazi yake, mahali pake, na tarehe za kuanza na kumaliza. Lakini haimlazimishi kuandika habari za tabia ya mtu wala ubora wa kazi yake. Hayo mtu mwenyewe ndiye wa kuyasema na kuyathibitisha.

Hapo ndipo penye fundisho kwa msomaji kijana. Kipande kilikuwa na tarehe na hesabu, ila sauti ya mwenyewe haikuwamo. Barua nyingi za kuomba kazi siku hizi zina sauti ya mwenyewe, ila tarehe na hesabu hazimo. Mwandishi husema, "Mimi ni hodari, mimi ni mwaminifu," na wenzake mia husema vivyo hivyo. Anayeonekana kati yao ni yule asemaye: nilitunza duka la mjomba kwa miezi minane, nikaandika mauzo ya kila siku, na daftari langu ni hili. Naye asiongeze chumvi, kwa maana uongo ukigunduliwa humfungia mlango kama sahihi iliyokosekana.

Babu zetu walipigania haki ya mtu kutopimwa kwa kalamu ya mwingine. Kalamu hiyo sasa iko mkononi mwako. Jifunze kuitumia kwa ukweli.